Chapa Si Istilahi: Majina ya Mashine za Kufyekea na za Bustani

Katika safari ya kukusanya msamiati wa ufundi wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mwandishi wa makala haya alionyeshwa nakala ya barua ya zabuni iliyoandikwa na taasisi moja ya umma, ambayo hapana haja ya kuitaja jina. Barua hiyo iliomba bei ya "mashine moja ya kukatia majani". Wazabuni watatu walijibu, na kila mmoja alijibu kwa nia njema. Wa kwanza alitaja bei ya mashine ya magurudumu ambayo husukumwa juu ya uwanja ulio sawa. Wa pili alitaja bei ya mashine inayoning'inizwa begani, yenye mpini mrefu na kisu cha kuzunguka mbele yake. Wa tatu alitaja bei ya mashine ya kukatakata mabingobingo kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wanaofugwa bandani. Bei ya tatu ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote, nayo ikakubaliwa. Taasisi hiyo haikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Mtu aweza kucheka, lakini fedha iliyotumika ni ya wananchi, na nyasi zilizokusudiwa kufyekwa zilibaki zimesimama. Tena, hakuna mzabuni aliyedanganya. Mashine zote tatu hukata, na zote tatu hukata majani. Kosa lilikuwa katika jina. Makala haya yanakusudia kueleza kosa hilo lilivyozaliwa, kwa nini kutumia jina la chapa si dawa yake, na ni maneno gani yanayoweza kumsaidia mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anapotakiwa kuzilinganisha mashine za namna hii.

Chapa inapogeuka jina

Alipoulizwa angefanya nini siku nyingine, mtumishi aliyeiandika barua ile alijibu mara moja kwamba angetaja chapa. Jibu hilo lina mantiki yake. Fundi mwenye mashine ya STIHL huiita "stili", na mwenye mashine ya Honda huiita "honda". Wasikilizaji wao, ambao wameiona mashine yenyewe, huelewa bila taabu.

Desturi hii si ngeni katika Kiswahili. Neno katapila limetokana na kampuni ya Kimarekani ya Caterpillar, na leo hutumika kwa mashine ya kusukumia udongo hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Bajaji ni jina la kampuni ya Kihindi ambalo limekuwa jina la gari dogo la magurudumu matatu. Wakulima wa pamba na mboga husema "solo" wakiwa na maana ya bomba la kupulizia dawa linalobebwa mgongoni, ingawa Solo ni jina la kampuni moja tu ya Ujerumani miongoni mwa kampuni nyingi zinazoyatengeneza mabomba hayo.

Wala si desturi ya Waswahili peke yao. Mwaka 1971 Mmarekani George Ballas, wa mjini Houston, aliona jinsi brashi za mashine ya kuoshea magari zinavyozunguka, akabuni mashine inayokata nyasi kwa nyuzi za nailoni zinazozungushwa kwa kasi. Aliiita Weed Eater, maana yake "mla magugu", na kwa Wamarekani wengi jina hilo la biashara likawa jina la mashine zote za aina hiyo. Kadhalika, mashine ya kulimia yenye visu vinavyozunguka, ambayo mafundi wetu huiita "rotaveta", imepata jina hilo kutokana na alama ya biashara ya kampuni ya Howard. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Arthur Clifford Howard wa Australia, alianza majaribio yake mwaka 1912.

Basi kama katapila na bajaji zimekubalika, kwa nini stili na honda zisikubalike? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba chapa moja huwa na mashine za aina nyingi. Kampuni ya STIHL, iliyoanzishwa na Andreas Stihl nchini Ujerumani mwaka 1926, hutengeneza misumeno ya mnyororo, mashine za kufyekea, mashine za kupunguzia michongoma, na nyinginezo. Husqvarna ya Sweden ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, ikaingia katika misumeno ya mnyororo mwaka 1959, na leo huuza vifaa vya kila namna vya msituni na bustanini. Honda hutengeneza pikipiki, magari, pampu za maji na jenereta. Anayeandika "honda moja" hajasema anataka nini. Katapila na bajaji ziliweza kuwa majina kwa sababu kila moja lilishika aina moja tu ya chombo machoni pa watu.

Sababu ya pili inawahusu hasa watumishi wa umma. Kanuni za ununuzi wa umma haziruhusu maelezo ya kiufundi yataje alama ya biashara ya kampuni fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kukieleza kitu kinachotakiwa. Na hapo maneno "au kinacholingana nacho" hapana budi yaongezwe. Kanuni hii ni ya haki, kwani yazuia upendeleo. Lakini yamtaka mwandishi awe na lugha ya kukielezea kitu bila chapa. Mtumishi asiyekuwa na istilahi huwa katikati ya makosa mawili: akiandika jina la jumla, hununua mashine ya malisho, akiandika chapa, huvunja kanuni.

Yafaa tuone pia kwamba watengenezaji wenyewe hawatumii chapa yao kama jina la aina. Mashine za kufyekea za STIHL huandikwa herufi FS kisha namba. Herufi hizo zinatokana na neno la Kijerumani Freischneider, yaani chombo cha kukata mpaka mahali pawe wazi. Misumeno yao huandikwa MS, kutokana na Motorsäge, yaani msumeno wa injini. Mtengenezaji hutaja kazi kwanza, ndipo ataje namba. Nasi tufanye hivyo.

Vitenzi tunavyo

Wengi hudhani kwamba upungufu wa istilahi ni upungufu wa maneno. Katika jambo hili sivyo. Mkulima wa Ngara au Biharamulo anayezungumza Kiswahili hutofautisha kazi hizi bila kufikiri. Nyasi ndefu na vichaka huvifyeka. Magugu kati ya maharage huyapalilia. Matawi ya mbuni huyapogoa. Michongoma huipunguza. Malisho huyakatakata, na kurudiwa kwa shina la kitenzi kwaonyesha kwamba vipande ni vingi na vidogo. Kila kitenzi kina kazi yake, na kila kazi ina mashine yake. Tatizo lilianza pale tulipoviacha vitenzi hivyo vyote na kushika kimoja tu, kukata, ambacho hubeba kila kitu na kwa hiyo hakibainishi kitu.

Nomino nayo yahitaji uangalifu. "Majani" ni ya mti, ni ya chai, ni nyasi za porini, na ni malisho. Lakini kwa nyasi fupi zitambaazo, zinazopandwa mbele ya nyumba na ofisi, tunalo neno ukoka. Vivyo hivyo, kwa chombo cha mkono cha kufyekea tunayo maneno fyekeo na kwanja, ambayo kila mwanafunzi aliyepewa kazi ya mikono shuleni anayafahamu. Hatuna haja ya kuunda neno jipya pale ambapo neno la zamani laweza kuongezewa sifa moja.

Kwa kanuni hiyo, mashine ya begani yenye kisu au nyuzi za kuzunguka ni fyekeo la injini. Ikiwa inatumia betri, ni fyekeo la betri. Mashine ya magurudumu ni mashine ya kukatia ukoka. Hii ni mashine ya zamani: Edwin Budding aliibuni huko Gloucestershire, Uingereza, mwaka 1830, akiiga mashine ya kiwandani iliyokuwa ikipunguza manyoya ya nguo za sufu ili uso wa nguo uwe laini. Asili hiyo yatufundisha matumizi yake. Ni mashine ya kulainisha uso ulio sawa tayari, wala haikukusudiwa kufungua pori.

Tofauti hii si ya kinadharia. Ngara ni nchi ya vilima na mabonde, na mitelemko yake mingi ina mawe. Mashine ya magurudumu hukwama au hupinduka mahali pa namna hiyo. Kando ya barabara ya kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenda Rusumo, ambayo hupitiwa na malori ya kwenda Rwanda na Burundi, nyasi zisipofyekwa wakati wa mvua humzuia dereva asione mbele kwenye kona. Huko hutakiwa fyekeo. Uwanja wa mpira wa shule, au bustani mbele ya ofisi ya wilaya, ndipo mahali pa mashine ya ukoka. Anayenunua kimoja kwa kazi ya kingine atailaumu chapa, na chapa haina kosa.

Mfano mwingine wa hatari ni neno ua. Mfasiri akiandika "mkasi wa ua wenye injini", msomaji hawezi kujua kama ni ua la kunusa au ua wa kuzungushia nyumba, kwa maana wingi, yaani maua na nyua, ndio unaoyatenganisha, na hapa wingi haumo. Mwandishi wa makala haya anapendekeza mashine ya kupunguzia michongoma, hata kama mimea yenyewe ni ya aina nyingine. Pale ambapo ua ni wa minyaa, maelekezo yataje hivyo waziwazi, kwa kuwa utomvu wa mnyaa ukirushwa na visu huweza kudhuru macho.

Kuhusu msumeno wenye meno yaliyofungwa kwenye mnyororo, msumeno wa mnyororo ni jina linalojieleza. Mafundi husema "chenso". Neno hilo si chapa bali ni la kukopa, nasi hatuna ugomvi nalo katika mazungumzo. Katika nyaraka tuandike jina linaloeleweka hata kwa asiyewahi kukiona chombo. Hali kadhalika "pawatila", neno lililoenea sana baada ya mwaka 1 wa Kilimo Kwanza, yaani 2009, wakati halmashauri nyingi ziliponunua vyombo hivyo. Trekta la mkono linatosha, mradi tukumbuke kwamba rotaveta ni kifaa cha visu kinachofungwa nyuma yake, si trekta lenyewe.

Maneno ya kulinganishia chapa

Aina ikishajulikana, ndipo chapa zinapoweza kulinganishwa. Kulinganisha chapa za aina mbili tofauti ni sawa na kuuliza kama jembe ni bora kuliko shoka. Ndani ya aina moja, vitu vinavyofaa kulinganishwa ni ujazo wa silinda, nguvu, uzito, upana wa mkato, aina ya injini, na upatikanaji wa vipuri.

Ujazo wa silinda hupimwa kwa sentimita za ujazo, na wengine huuita kwa makosa "ukubwa wa injini". Injini yaweza kuwa kubwa kwa umbo na ndogo kwa ujazo. Nguvu hupimwa kwa kilowati au kwa nguvu-farasi, na kilowati moja ni zaidi kidogo ya nguvu-farasi moja na theluthi. Mfasiri akikuta chapa moja imeandikwa kwa kilowati na nyingine kwa nguvu-farasi, hana budi kuzigeuza ziwe kipimo kimoja. La sivyo, yenye namba kubwa itaonekana kuwa na nguvu zaidi hata kama sivyo.

Tuchukue mfano. Fyekeo la STIHL FS 250 lina injini ya mapigo mawili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 40.2. Injini ya Honda GX35, inayotumika katika mafyekeo ya kampuni hiyo, ni ya mapigo manne na ujazo wake ni sentimita za ujazo 35.8. Injini ya mapigo mawili humaliza mzunguko wake wa kazi kwa pistoni kupanda mara moja na kushuka mara moja. Ya mapigo manne hupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Ya kwanza kwa kawaida ni nyepesi kwa nguvu inayoitoa, nayo haina hodhi ya oili. Ya pili hutumia petroli tupu na kwa kawaida hutoa moshi mchache. Ipi ni bora? Swali hilo halijibiwi na istilahi. Linajibiwa na mteremko, na urefu wa siku ya kazi, na umbali wa kufika kwa fundi mwenye vipuri. Kazi ya istilahi ni kuhakikisha kwamba anayejibu anajua anachokilinganisha.

Neno "mafuta"

Hapa ndipo mahali ambapo lugha huweza kuiua mashine. Katika Kiswahili mafuta ni ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, ya gari na ya kulainishia vyuma. Kitabu cha maelekezo kinachosema "weka mafuta kabla ya kuwasha" hakijasema lolote.

Injini ya mapigo mawili hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 5 za petroli huchanganywa na mililita 100 za oili maalumu ya injini hizo. Injini ya Honda GX35 nayo huhitaji kiasi cha mililita 100 za oili, lakini oili hiyo huwekwa katika hodhi yake, na petroli huingia tanki ikiwa tupu. Kiasi cha oili ni kilekile, mahali ni tofauti. Mtu akimimina petroli tupu katika injini ya mapigo mawili, pistoni na silinda hukwaruzana mpaka zikashikana. Akiiacha hodhi ya injini ya mapigo manne bila oili, matokeo ni hayohayo. Kisha atasema kwamba chapa ile haidumu.

Kwa hiyo tunasisitiza maneno matatu yasichanganywe: petroli, oili na mchanganyiko. Neno mafuta liachwe nje ya maelekezo ya mashine hizi. Uwiano nao uandikwe kwa vipimo kamili, yaani lita na mililita. "50:1" peke yake huweza kusomwa kinyume na mtu ambaye hajazoea, na maelekezo hayaandikwi kwa ajili ya waliozoea.

Neno jingine la tahadhari ni lile la Kiingereza linalowataja watu waliopo karibu na kazi bila kushiriki. Mtu akilitafsiri kwa haraka ataandika "wasimamizi", kwa kuwa lina maana ya kusimama ndani yake. Maelekezo ya mafyekeo kwa kawaida hutaka watu hao wakae angalau mita 15 kutoka kwenye mashine, kwani kisu hurusha mawe. Katika shule yenye uwanja wa changarawe, tofauti kati ya "wasimamizi wakae mbali" na "watu wengine wote wakae mbali" ni tofauti ya jicho la mtoto.

Mapendekezo

Majina yafuatayo yanatolewa kama mapendekezo, yapate kujadiliwa kabla ya kusanifiwa:

(a) Fyekeo la injini (la betri, la umeme): mashine ya begani yenye mpini mrefu na kisu au nyuzi za kuzunguka, kwa nyasi ndefu na vichaka.
(b) Mashine ya kukatia ukoka: mashine ya magurudumu ya kusukumwa au kuendeshwa, kwa nyasi fupi za uwanja ulio sawa.
(c) Mashine ya kukatakata malisho: mashine ya kusimama mahali pamoja, inayolishwa majani kwa mkono.
(d) Mashine ya kupunguzia michongoma: yenye safu mbili za meno yanayopishana kama mkasi.
(e) Msumeno wa mnyororo: wa kukatia miti na magogo.
(f) Trekta la mkono: chombo cha kulimia kinachoongozwa na mtu anayetembea nyuma yake.
(g) Rotaveta: kifaa cha visu vinavyozunguka, kinachofungwa kwenye trekta.

Katika kuandika maelezo ya ununuzi, twashauri utaratibu huu ufuatwe: kwanza kazi, pili chanzo cha nguvu, tatu vipimo, nne mahali itakapotumika. Kwa mfano: "Fyekeo la injini la mapigo mawili, lenye ujazo usiopungua sentimita za ujazo 40, lenye kisu cha chuma na mshipi wa mabegani, kwa ajili ya mitelemko yenye mawe." Chapa haimo, na bado mzabuni wa mashine ya malisho hawezi kujibu. Chapa zitakuja zenyewe katika majibu ya wazabuni, na hapo ndipo pa kuzilinganisha.

Fundi mmoja wa Ngara, baada ya kuyasikia majina haya, alisema kwamba yeye ataendelea kusema stili. Na aseme, anazungumza na wanaoiona mashine mkononi mwake. Mwandishi wa barua ya zabuni, mfasiri wa maelekezo na mwalimu wa ufundi huwaandikia watu ambao hawaioni. Wasomaji wenye majina mengine yanayotumika katika wilaya zao wanaombwa wayalete, pamoja na maelezo ya mashine yenyewe na kazi yake.